Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Toyota Mark X ya Petroli kwa Safari za Dar es Salaam

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunachagua, tunakagua na kujifunza kutunza gari moja tu, nalo ni Toyota Mark X ya kizazi cha pili, iliyoingia sokoni Japani Oktoba 2009 na kukoma kutengenezwa Desemba 2019. Ni mrithi wa Mark II, jina lililodumu tangu 1968 hadi 2004, na yeyote anayeendesha Dar es Salaam anaifahamu sura yake: sedani ya ukubwa wa kati, ndefu, iliyokaa chini, yenye injini ya V6 mbele na nguvu inayopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Gari hili linastahili sifa linazopewa, kwa maana linatulia barabarani na kuvuta kwa upole hata linapokuwa na haraka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake hapa mjini litakuwa limesimama kwenye foleni ya Mwenge au ya Barabara ya Mandela huku injini ikiunguruma, na injini hii ni ya aina inayoumia kwa maisha hayo ikikosa uangalizi. Kila hatua nitakayoieleza inatokana na jambo hilo.

Hatua ya kwanza ni kusoma namba ya chesisi kabla ya kuangalia rangi, rimu au viti. Namba ikianza na GRX130, una injini ya cc 2,499 yenye nguvu farasi 203 inayoendesha magurudumu ya nyuma. Ikianza na GRX135, ni injini hiyohiyo katika gari linaloendesha magurudumu yote manne, na ikianza na GRX133 una injini ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 318. Kwa matumizi ya mjini ninapendekeza GRX130 bila kusita. Kule Japani injini yake katika kizazi hiki iliwekwa itumie petroli ya kawaida, kwa hiyo petroli inayouzwa kwenye vituo vyetu inaitosha, ilhali ile ya lita 3.5 ilikusudiwa petroli ya daraja la juu. Nguvu za ziada za GRX133 ni tamu kwelikweli, lakini kati ya Ubungo na Posta huna mahali pa kuzitumia. Kwa kuitendea haki, niseme kwamba injini hiyo kubwa ina faida moja ya kiufundi ambayo tutaigusa tukifika kwenye ukaguzi. Ukikutana na tangazo la Mark X yenye gia za mkono, uliza maswali mengi, kwa sababu za kiwandani zilikuwa toleo maalumu la GRMN, magari 100 mwaka 2015 na magari 350 mwaka 2019. Nyingine zote za kizazi hiki zilitoka na gia za otomatiki za hatua sita.

Kuhusu matoleo, S Package ndiyo yenye bampa kali na tairi za 235/45R18, na 250G ya kawaida huvaa tairi za 215/60R16. Ninajua wengi mmekuja hapa kwa ajili ya ile ya kwanza. Ichague ikiwa barabara ya kufika kwako ni ya lami hadi getini. Ikiwa mita mia za mwisho ni mashimo na mawe, tairi nene za inchi 16 zitakuokolea rimu na fedha nyingi.

Hatua ya pili ni hesabu. Ukiagiza kutoka Japani, fungua kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujazungumza na muuzaji yeyote, kwa sababu injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na juu yake huja ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililopita miaka kumi. Gari la bei nafuu la mwaka 2010 linaweza hivyo kukugharimu karibu sawa na gari jipya zaidi ambalo limechoka kidogo tu. Baada ya hapo, piga hesabu ya mafuta. Katika foleni za Dar es Salaam, panga bajeti yako kwa kilomita saba kwa lita moja, na ukipata zaidi ya hapo uhesabu kuwa ni faida. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, atahitaji lita zipatazo 143. Zizidishe kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha jiulize kama kiasi hicho unaweza kukitoa kila mwezi bila kugusa fedha ya matengenezo. Kama jibu ni hapana, ni bora kuchukua gari la cc 1,500 na kulitunza vizuri kuliko kumiliki Mark X inayosubiri mshahara ili ibadilishwe oili.

Hatua ya tatu, kwa anayeagiza, ni kudai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari iliyotolewa mnadani Japani, na kuidai katika nakala halisi ya Kijapani pamoja na tafsiri. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linakubalika ukiona sababu yake, na herufi R au RA maana yake gari lilishapata ajali na kutengenezwa. Angalia mchoro wa gari ulio chini: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa chote. Linganisha kilomita zilizoandikwa hapo na zile zinazoonekana kwenye dashibodi katika picha za muuzaji. Zile za dashibodi zikiwa chache kuliko za kwenye karatasi, achana na gari hilo hata kama linang'aa namna gani. Kwa anayenunua mkononi hapa nyumbani, hakikisha jina lililo kwenye kadi ya gari ni la mtu unayempa fedha, angalia madeni ya faini za barabarani na ya maegesho ya TARURA, kisha uandikishiane mkataba mbele ya mwanasheria.

Sasa tunafika kwenye hatua ya nne, na hapa ninakuomba utulie nami, kwa kuwa ndiyo inayoamua kila kitu. Injini ya 4GR-FSE iliyo ndani ya GRX130 hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za zamani, petroli ilipita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuzisafisha kila wakati. Katika hii haipiti, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa huganda juu ya valvu hizo na kuwa masizi magumu. Safari fupi na foleni ndefu huharakisha hali hiyo. Ile faida niliyoitaja ya lita 3.5 ni kwamba ina nozeli za ndani ya silinda na pia za kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake bado huoshwa na petroli. Fahamu pia kwamba dawa za kumimina kwenye tangi la mafuta haziwezi kusafisha valvu za 4GR-FSE, kwa sababu petroli yenyewe haizifikii. Zinaweza kusaidia nozeli, basi.

Kwa hiyo mwombe muuzaji asiwashe gari siku hiyo kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, rudi siku nyingine. Washa swichi bila kuwasha injini na uone kama taa ya cheki injini inawaka, kwani taa isiyowaka kabisa huenda imezimwa makusudi ili isikuambie kitu. Washa injini. Mzunguko utapanda juu kidogo, kisha utashuka taratibu kadiri injini inavyopata joto. Sauti ndogo ya tiki-tiki kutoka kwenye nozeli na pampu ya mafuta ya mgandamizo mkubwa ni ya kawaida na isikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni usukani unaotetemeka, mshale wa mzunguko unaocheza juu na chini, au kishindo cha silinda moja kukosa moto. Washa kiyoyozi, mzunguko ushuke kidogo na kurudi mahali pake. Mtu mwingine asimame nyuma ya gari, na ukikanyaga mafuta aangalie moshi: wa bluu ni oili inayoungua, na katika injini hii ni onyo zito. Chomoa kijiti cha oili na uangalie kiwango pamoja na rangi. Tazama mbele ya injini, karibu na pampu ya maji, kama kuna ukoko mkavu wa rangi ya waridi, ambao ni alama ya kuleji, yaani kimiminika cha kupozea injini, inayovuja. Mwisho, fundi wako, si wa muuzaji, aunganishe mashine ya kusomea kompyuta ya gari na kukupa majibu mbele yako.

Tukishamaliza hapo, mwingize fundi chini ya gari. Bushi za mikono ya chini mbele ndizo zinazokufa mapema kwa matuta yetu, na shokabu zilizovuja huonekana kwa vumbi lililogandamana na mafuta. Akague pia kama katalisti, ambayo wengi huiita masega, bado ipo, maana kuna magari yanayouzwa masega yakiwa yameshatolewa. Likiwa limekatwa springi ili likae chini zaidi, mimi nisingelinunua. Endesha kwa angalau nusu saa, ndani ya foleni na nje yake, na usikilize gia zinapobadilika: zibadilike bila kusukuma na bila kusita.

Umeshanunua. Hatua ya kwanza ya umiliki ni kubadilisha oili ya injini na filta hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Tumia oili nyepesi iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari, 5W-30 kwa mfano, na ubadilishe kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kimojawapo kitakachotangulia. Ninasisitiza miezi kwa sababu saa unazokaa kwenye foleni hazihesabiwi na mita ya kilomita, ilhali oili inazihesabu zote. Kwa gia boksi tumia oili ya Toyota WS peke yake, na imwagwe na kujazwa upya taratibu badala ya kusukumwa yote kwa mashine katika gari ambalo historia yake huijui. Kwenye rejeta weka kuleji inayofaa, kamwe usiweke maji ya bomba. Cheni ya taimingi haina muda wa kubadilishwa kama mkanda, na uhai wake unategemea oili hiyohiyo tuliyoizungumzia.

Injini ikianza kutetemeka asubuhi, anza na plagi na koili, kwa kuwa ni rahisi na mara nyingi ndizo zenye kosa. Zikiwa nzima, mwambie fundi afungue njia ya hewa na kuzitazama valvu kwa macho. Masizi yakiwa mengi, yasafishwe kwa mkono au kwa mashine inayopuliza punje laini, kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua. Kariakoo na Ilala hazikosi spea za gari hili, lakini koili na nozeli za bandia zinafanana sana na halisi, kwa hiyo nunua dukani kunakokubali kurudishiwa na uende na ile ya zamani mkononi.

Mvua za masika zinahitaji uangalifu wa pekee. Gari hili liko chini, na maji ya Jangwani huvuka barabara kwa haraka kuliko unavyodhani. Maji yakifika katikati ya rimu, geuza. Injini ikizima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha hata mara moja, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye silinda hayagandamizwi na yatapinda koneksheni rodi. Toa gari kwa kuvutwa, plagi zote sita zifunguliwe, injini izungushwe ili maji yatoke, na oili ibadilishwe kabla ya kujaribu kuliwasha.