Mafundo Sita ya Kamba

Mhadhara kwa maafisa ugani, watangazaji wa redio za jamii na wanafunzi, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Kabla hatujaingia humu ndani kijana mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, mtu aliyezeekea kwenye samaki wa baharini kafuata nini Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Nimeyafuata maji. Mvua inayonyesha Chimala na Igurusi inashukia bonde la Usangu, inatulia kwenye kinamasi cha Ihefu, inatoka ikiwa Ruaha Mkuu, inapita Mtera na Kidatu, inaingia Rufiji, na mwisho wa safari inamwagikia mikoko ya Delta, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kambamiti wa pale wanakulia katika mchanganyiko wa maji ya mto na ya chumvi. Tangu 1993 Ruaha Mkuu imekuwa ikikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na mto ukikatika huku, kule mwisho kuna mtu anaona tofauti kwenye wavu wake. Mvua ya Rungwe nayo inashuka na Kiwira na Mbaka mpaka Ziwa Nyasa, na Nyasa inatokea kusini kwa mto Shire, inaingia Zambezi, inafika bahari ileile. Mkulima wa Mbarali na mvuvi wa Delta ni majirani, ila kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafikishia wavuvi habari za mabadiliko ya tabianchi, na namna wanavyoweza kujipanga. Nitaanza na siku niliposhindwa, maana nilichojifunza siku ile ndicho ninachofanyia kazi mpaka leo.

Tulikuwa kisiwa kimoja cha Kilwa. Nilibeba mabango manne makubwa, yamechapwa vizuri. Grafu ya joto la dunia, ramani, picha ya kiwanda kinachofuka moshi. Nikazungumza saa nzima chini ya mkungu. Watu walinisikiliza kwa heshima, maana pwani mgeni hakatizwi. Nilipomaliza akainuka bibi mmoja, mchokoaji wa pweza. Mkononi alikuwa na chuma chake cha kuchokolea, kimepinda kidogo nchani, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli usiteleze. Hakukiweka chini mkutano mzima, kwa sababu maji yalikuwa yanapwa na alikuwa njiani. Akasema: "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimesikia dunia ina joto. Sasa mimi leo nisiende, au niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na habari za miaka 100 ijayo, na yeye alikuwa na saa tatu kabla maji hayajarudi.

Jioni nilikaa barazani na nahodha mmoja mtu mzima, nikamwomba anirudishie maneno yangu kama alivyoyasikia. Nawashauri mfanye hivyo kila mara. Msimuulize mtu kama ameelewa, atawaambia ndiyo kwa kuwasitiri. Mwombeni awarudishie. Yule mzee akaniambia: "Bwana samaki, umesema nchi imebadilika tabia. Sisi kazi yetu haiko nchi kavu. Halafu ukasema tabia, wengine wakadhani unatusema sisi, kwamba tumeharibika." Akaendelea. Nilikuwa nimesema bahari imechafuka, nikimaanisha taka na mafuta. Kwa mvuvi bahari ikichafuka ni upepo umevuma na mawimbi yamesimama. Inachafuka leo, kesho kutwa inatulia. Mkutano mzima ulikuwa umenisikia nikitangaza habari ya upepo uliokwisha kupita.

Neno lililonichoma zaidi ni kuhimili. Katika nyaraka zetu ndilo tunalolitumia, kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na kwenye ripoti sina ugomvi nalo. Lakini mzee alilisikia kama linavyosikika: vumilieni. "Kuhimili tumehimili toka enzi za babu zetu," akasema. "Tulidhani umekuja kutuonyesha la kufanya." Tangu siku ile, nikiwa dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, nasema kujipanga, au nasema kubadili mtego. Mtu anayeambiwa abadili mtego anauliza papo hapo, mtego gani? Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko msamiati, nalo ni vipimo vya muda. Wataalamu wa hali ya hewa wanachukua wastani wa miaka 30. Kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Ni kipimo kizuri kwa kazi yao. Mvuvi wa pwani ana vyake. Ana bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, giza na mbalamwezi, pepo za kaskazi na kusi, na malelezi katikati, upepo unapotulia. Mabaharia wa zamani waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, siku kumi kumi, na kila kumi waliiita mwongo. Fikirini hapo. Sisi leo tunasimama na kusema "katika miongo mitatu ijayo kina cha bahari kitapanda", tukimaanisha miaka 30. Mzee anayeijua hesabu ya Nairuzi anaweza kuhesabu siku 30, na siku ya thelathini na moja akaenda kuitazama bahari, akaikuta palepale. Atakuwa hajakosea kuhesabu. Ni sisi tuliotumia kipimo chake bila kumuuliza.

Mwaka uliofuata nilirudi kisiwani bila bango. Safari hii tulizungumza habari ya pweza. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004 wavuvi walifunga sehemu ya miamba yao, pweza wasichokolewe kwa miezi kadhaa. Baadaye vijiji vya kwetu vikafanya hivyo pia, Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo kule Kilwa. Sababu yake iko kwa pweza mwenyewe: anaishi mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi, na anapokuwa mdogo huongeza uzito upesi mno. Ukimwacha kaskazi yote humkuti yuleyule.

Tungeweza kusema "miezi mitatu". Hatukusema. Mchokoaji haendi miambani kwa miezi, anaenda kwa bamvua, maji yanapokimbia mbali na miamba ikabaki wazi, mara mbili kwa kila mwezi mwandamo. Tukasema bamvua sita. Nikaona nyuso zikibadilika, maana sasa kila mama alijua hasa anaombwa nini: safari ngapi, kitoweo cha siku ngapi, ada ya shule ya mtoto yupi iingojee. Wakabishana siku tatu. Walikataa kufunga mwamba wote, wakafunga upande mmoja tu, upande waliouchagua wenyewe, na upande wa pili ukabaki wazi kwa wajane na wasio na chombo. Mimi nisingejua kuugawa hivyo. Mwenyekiti wa kamati akachukua kamba ya nanga, akapiga mafundo sita, akaitundika kwenye nguzo ya banda la mnada. Kila bamvua ikipita alifungua fundo moja mbele ya watu. Watoto wakawa wanapita pale wakitoka shule, wanahesabu.

Fundo la sita lilipofunguliwa nilikuwepo. Yule bibi wa chuma chenye mpira wa baiskeli alitangulia, maji ya magoti. Akainama kwenye pango moja, akachokoa, akavuta, akavuta tena, akaita mjukuu amsaidie. Pweza aliyetoka alimzunguka mkono mpaka kwapani. Mizani ya mnada ikasoma kilo tatu na ushei. Hakusema kitu, ila alimweka yule pweza juu ya mchanga, akamnyoosha mkono mmoja mmoja, akamtazama.

Nisiwadanganye. Kufunga mwamba hakupunguzi joto la maji hata nukta. Lakini baada ya siku ile watu wale walikuwa na kamati inayokaa, mizani, na daftari la mnada lenye uzito na tarehe. Tulipoanza kuzungumza joto, wao ndio waliolianzisha. Bibi akasema matumbawe ya upande wa nje yaliungua mwaka wa El Nino. Mwaka ule nyinyi wa nyanda za juu mnaukumbuka kwa mvua. Baharini 1998 matumbawe ya Mafia na kwingineko yalipauka yakawa meupe kama chokaa, na mengi yakafa. Tumbawe hupauka maji yakizidi joto lake la juu la kawaida kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa. Ilitokea tena 2016, na tena 2024. Nilichofanya mimi ni kuunganisha alichokiona na digrii yangu moja. Ilichukua dakika tano, na sikuhitaji grafu.

Kuna kosa jingine linaloumiza watu wetu, nalo ni ushauri usio na chombo. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, mwani ule wenye bei nzuri, kotonii, ukawa unaoza kambani. Mama anatembea na maji kupwa, anakuta vishada vimekatika, zimebaki kamba ndogo tu wanazoziita taitai, tupu. Wakaambiwa wahamie kina kirefu. Ushauri ni sahihi, na Dk. Flower Msuya amefanya kazi ya miaka mingi pamoja na wakulima hao kutafuta namna ya kulima kule, ikiwemo nyavu za mfano wa bomba. Lakini ukimwambia mama asiye na mashua, na wengi hawajafunzwa kuogelea, ahamie kina kirefu, ukaondoka, umemwachia hofu mpya juu ya ile ya zamani. Kabla hujalisema, uliza mashua ni ya nani. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanalijua hili kupitia vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ya kiangazi. Watu waliambiwa waache kulima mabondeni, na swali la watakula nini kiangazi likabaki kwao.

Nigusie tahadhari za vimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Aprili 2019 ilitangazwa Kenneth, watu wa Mtwara wakaambiwa wahame maeneo ya hatari, kimbunga kikaingia Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kikafifia kabla ya kutufikia. Dikoni likabaki neno moja: "Walisema kinakuja, hakikuja." Kisha Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kazi yetu kubwa ilipaswa kuwa katika ile miaka ya katikati, kurudi dikoni baada ya Kenneth na baada ya Jobo, kukaa chini, na kueleza kwa nini kimoja kiliingia kwingine na kingine kikafifia. Wazee wangetusaidia, maana kimbunga si kitu kigeni pwani. 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja, na 1952 kiliipiga Lindi. Tulikuja mara tatu na tangazo, hatukurudi hata mara moja na maelezo. Na tukitangaza mawimbi ya mita mbili, tuseme yanampita mtu aliyesimama ndani ya ngalawa. Nahodha atajua la kufanya na tanga lake.

Watangazaji, mjue pia habari hupita wapi. Nahodha anawasikiliza nyinyi, lakini kabla ya kushusha chombo anazungumza na mama karanga, yule anayenunua na kukaanga samaki wake, kwa sababu ndiye anayemkopesha mafuta. Akisema mama karanga kwamba kesho hanunui, chombo hakitoki. Mikutano yetu mingi huitwa saa nne asubuhi, wakati mama huyo yuko kwenye moto wake.

Baadhi yenu mnashuka Matema wiki ijayo. Tafadhali msiende na bamvua yangu. Nyasa haina kupwa na kujaa. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa lile, wanahesabu giza la mwezi, kwa sababu taa zao huvuta samaki vizuri usiku wa giza, na wana samaki mwingine anayewafaa nyinyi kuliko grafu yoyote: mbasa, anayepanda mito kutaga mvua zinapojaza Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mto ukijaa tope kwa kingo zilizolimwa huko Rungwe, au mvua zikichelewa, mbasa ndiye wa kwanza kuathirika, na kuna wazee wanaomfuatilia tangu wakiwa watoto. Mabango muyaache ofisini. Bebeni daftari moja na mfike kabla ya mitumbwi ya usiku haijarudi mwaloni, mkae na wanaosubiri. Swali la kwanza liwe hili: siku hizi mbasa wanaanza kupanda mto lini, na zamani walianza lini? Andikeni jibu kwa maneno yao, kisha mwasomee, wawasahihishe.