Anza na H6, siyo na jina la chuo

Ndugu wazazi, na ninyi vijana mnaotaka kuomba vyuo vya Marekani msimu huu, orodha za vyuo wanazoandaa waombaji zinafanana kupita kiasi. Majina 12, yote makubwa, na pembeni hakuna tarakimu hata moja. Uliza familia inaweza kutoa dola ngapi kwa mwaka, chumba kizima kimya. Hilo ndilo swali la kwanza, na wa kulijibu ni mzazi. Iwe dola 3,000, iwe 15,000, mkubaliane tarakimu moja ya kweli, ambayo mtaiweza miaka minne mfululizo. Bila hiyo, orodha haijaanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sitachoka kulisema. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye intaneti, utaupata. Usiusome wote, ni mrefu. Nenda moja kwa moja sehemu ya H, kipengele cha H6. Hapo chuo chenyewe kinataja ni wanafunzi wangapi wa kigeni wa shahada ya kwanza waliopewa fedha za chuo, na wastani wa kila mmoja ni kiasi gani. Kisha rudi B2 uone wageni wote ni wangapi. Halafu G1, uone gharama.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kina wageni 400. H6 inasema waliosaidiwa ni 40, wastani dola 62,000. Ada, malazi na chakula ni 85,000. Maana yake nini? Kati ya wageni 10, tisa wanajilipia wenyewe. Na yule wa kumi, akipata wastani huo, bado anadaiwa 23,000 kwa mwaka. Zidisha kwa minne: 92,000, na hapo ada haijapanda, nayo hupanda karibu kila mwaka. Tiketi ya ndege hatujaigusa. Bima ya afya, ambayo mara nyingi hutozwa peke yake, hatujaigusa. Familia ya dola 3,000 ikifute chuo hicho, hata kama picha zake zinavutia namna gani.

Chuo cha pili kina wageni 150, waliosaidiwa 120, wastani 70,000, gharama 82,000. Pengo ni 12,000. Hiki msikifute haraka, kwa sababu wastani huficha mengi: ndani yake wamo waliolipiwa karibu zote na waliopewa 20,000 tu. Andikia ofisi ya udahili, swali moja: mkimkubali mwanafunzi wa kigeni, je, mnaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yake? Jibu likiwa ndiyo, kinabaki. Wakizungukazunguka, mmeshajibiwa.

Najua kuna anayewaza, "Mtoto akubaliwe kwanza, fedha zitapatikana." Zitatoka wapi? FAFSA, mlango wa misaada ya serikali kuu ya Marekani, haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Benki nyingi zinataka mdhamini Mmarekani. Kazi ya chuoni ina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ni hela ya vitabu na sabuni, ada haiigusi. Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huendi kwenye usaili wa viza, hutolewa baada ya kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Tena vyuo vingi vina sharti kwamba mgeni asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi hawezi kuuomba akishafika. Kuficha uhitaji ili ukubaliwe ni kujifungia mlango kwa mkono wako.

Wengine wanasema, "Vyuo vikubwa havitazami mfuko." Ni kweli kwa vichache mno. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mgeni bila kutazama kama anahitaji msaada. Dartmouth na Bowdoin walitangaza sera hiyo mwaka 2022, na vipo vingine vichache. Vyuo hivyo hukubali takribani mwombaji mmoja kati ya 10, au pungufu sana ya hapo. Na kuomba vyuo 10 vinavyokubali asilimia 5 hakukupi asilimia 50. Wanaosoma faili lako wanaona alama zilezile na insha ileile; kilichomfanya mmoja akatae, huenda ndicho kitakachomfanya wa pili akatae. Chagueni viwili vya namna hiyo, basi. Vingine sita hadi vinane vitoke kwenye H6. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja, inaruhusu vyuo 20, lakini hakuna anayeandika vizuri insha za vyuo 20.

Muda unanitupa mkono, nipite haraka. Early Decision ni kuomba mapema kwa ahadi: unaomba hivyo chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unafungwa kwenda hapo. Unaweza kujitoa kama msaada hautoshi, ila hupati nafasi ya kulinganisha ofa. Msiitumie kabla chuo hakijawapa makadirio ya maandishi. Early Action nayo ni kuomba mapema, lakini haifungi, itumieni. Ada ya kuomba ni kati ya dola 50 na 90 kwa vyuo vingi. Ombeni msamaha wa ada mapema, siyo usiku wa mwisho. Kwenye Common Data Set, kipengele cha C7 kinaonyesha chuo kinapima nini zaidi, someni wenyewe.

Kuhusu kozi nitasema moja tu: hakikisheni mgeni anaruhusiwa kuingia moja kwa moja kwenye kozi anayoitaka. Sayansi ya kompyuta na uuguzi mara nyingi zina mchujo wake wa pili, mbali na ule wa kuingia chuoni.

La mwisho ni tarehe. Kila chuo kina mbili: ya maombi, na ya fomu za fedha, yaani CSS Profile au fomu ya chuo chenyewe. Hazifanani kila mara. Ziandikeni zote mbili mbele ya kila jina, pamoja na nyaraka za kipato zinazodaiwa, na kama barua ya mwajiri haipo kwa Kiingereza, itafutiwe mfasiri kuanzia Septemba.