Kuisoma Karatasi ya Majibu ya Kaswende

Akina mama, akina baba, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliofika hapa Tononoka kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe, asalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie upimaji wa damu wa kaswende, nami nitakaa zaidi kwenye karatasi ya majibu, kwa kuwa ndoa hutikiswa na neno moja, «chanya», lisilofuatwa na swali: chanya ya kipimo gani?

Vipimo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza, RPR na VDRL, havimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe, bali kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza, dhidi ya mafuta yaitwayo kadiolipini, ambazo huongezeka ugonjwa unapokuwa hai. Kwa sababu hiyo malaria, kifua kikuu, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hujishambulia yenyewe), na wakati mwingine mimba yenyewe, huweza kuleta chanya kwa mtu asiye na kaswende kabisa. Aina ya pili, yaani TPHA pamoja na vipimo vingi vya haraka vya tone la damu ya kidoleni, hutafuta kingamwili dhidi ya Treponema pallidum, kimelea kilichogunduliwa Berlin mwaka 1905. Hivi navyo, vikishakuwa chanya, kwa watu wengi hubaki hivyo maisha yote, hata aliyetibiwa akapona. Tena mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kupata majibu hayo hayo, kwani vimelea vya buba na vya kaswende ni ndugu wa karibu mno.

Basi karatasi yenye chanya haisemi maambukizi yaliingia lini, wala nani alimwambukiza nani, na si haki kumhukumu mke au mume kwa karatasi hiyo.

Vilevile hasi isipokelewe kwa haraka. Kidonda cha kwanza, kisicho na maumivu, hutokea kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, na kingamwili huenda zisionekane bado. Mwenye kidonda au aliyekutana na mgonjwa hutibiwa na kupimwa tena.

Sasa zile namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Ikiwa RPR ni chanya, maabara huizimua seramu, yaani majimaji ya damu, hatua kwa hatua, na 1:32 maana yake ni kwamba bado iliitika ilipozimuliwa mara 32. Baada ya sindano ya penisilini tunatazamia namba ishuke mara nne, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, katika miezi inayofuata. Kutoka 1:16 hadi 1:8 ni tofauti ndogo ambayo kipimo chenyewe huweza kuileta, na hatuihesabu. Ikipanda mara nne, tunashuku maambukizi mapya au tiba iliyoshindwa. Ulinganisho huu una maana kwa kipimo cha aina ile ile, ikiwezekana katika maabara ile ile, kwa hiyo nawasihi mzihifadhi karatasi za zamani.

Kwa mjamzito hatungoji. Kipimo cha haraka kikiwa chanya, naye hana ushahidi wa kutibiwa, hudungwa sindano siku ile ile, kwa sababu kaswende huua mtoto tumboni. Mtoto akizaliwa, kingamwili za mama huwamo damuni mwake, hivyo chanya yake peke yake haitoshi. RPR yake hulinganishwa na ya mama, na ikizidi mara nne tunajua ameambukizwa. Karatasi ya mama na iende naye wodi ya wazazi.