Sumaku Kichwani: Itamsaidia Mgonjwa wa Neva za Mwendo?

(Mhadhara kwa wauguzi, maafisa wa tiba na familia za wagonjwa, Bombo, Uganda)

Wazee wangu, bassebo ne bannyabo, hamjambo. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Swali nimeshaulizwa hapo mlangoni, basi nilijibu kwanza. Ile mashine ya sumaku mnayoiona kwenye simu, inaponya ugonjwa wa neva za mwendo? Haiponyi. Wala haijathibitika kwamba inauchelewesha. Ila wazo lenyewe si la kitapeli, na nataka mlielewe, kwa sababu anayeelewa ni vigumu kumlaghai.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1869 na Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris. Seli zinazoamrisha misuli ziko ngazi mbili. Za juu zimo kwenye ubongo, na nyuzi zake hushuka hadi uti wa mgongo. Za chini huanzia huko na kwenye shina la ubongo, zikaifikia misuli yenyewe. Zikifa, mkono hushindwa kufunga kifungo, mguu huburuzika, ulimi huwa mzito, na mwishowe kifua hushindwa kuvuta pumzi. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Stephen Hawking aligunduliwa mwaka 1963 akafariki 2018, lakini yule alikuwa wa pekee, msimfanye kipimo. Na hapana, mama, si kulogwa. Kiasi cha mgonjwa 1 kati ya 10 ndiye anayeurithi katika ukoo.

Sasa sumaku inaingiaje? Watafiti walipopima ubongo wa wagonjwa hawa, waligundua kwamba mapema kabisa sehemu ya mwendo huwa imechangamka kupita kiasi. Mfano wake ni boda boda ambayo waya wa mafuta umekwama: imesimama, lakini injini inanguruma mpaka iungue. Kemikali iitwayo glutameti humwagika nyingi mno, na inadhaniwa kuwa ndiyo inayoziumiza seli. Riluzoli, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hupunguza glutameti hiyo, na humwongezea mgonjwa kama miezi 2 au 3. Si mingi. Lakini ilitosha kuwafanya watu waulize: je, ubongo huo hauwezi kutulizwa kutoka nje, bila kisu?

Chombo kilikuwapo tayari. Mwaka 1985, kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno. Uga wa sumaku ulipenya fuvu na kuzaa umeme mdogo ndani ya ubongo, na mkono wa mtu ukashtuka wenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba mapigo ya polepole, kama 1 kwa sekunde, aghalabu huutuliza ubongo, na ya haraka huuchangamsha. Ipo pia njia ya sponji zilizoloweshwa, huwekwa kichwani zikapitisha umeme wa miliampia 1 au 2 tu.

Huko Roma, Vincenzo Di Lazzaro na wenzake walijaribu mapigo ya kutuliza kwa wagonjwa wachache, na mwanzoni kulikuwa na dalili kwamba kudhoofika kunapungua kidogo. Matumaini yakapanda. Lakini mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu unaokubalika, yalipata 3 tu, yenye jumla ya wagonjwa 50. Nusu ya ukumbi huu! Hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza.

Mimi nina shaka yangu pia. Koili hufika sentimita chache tu chini ya fuvu, wakati zile seli za ngazi ya chini zinaendelea kufa kwenye uti wa mgongo. Nadhani faida yake kubwa kwa sasa ni katika kupima: huko Sydney, Matthew Kiernan na Steve Vucic wameitumia kuonyesha uchangamfu huo mapema.

Mashine hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2008 kutibu sonona. Kwa hiyo kliniki ikikuonyesha kibali, uliza: kibali hicho ni cha ugonjwa gani?

Nasema hivi kwa sababu watu wanauza shamba wapande ndege kuifuata tiba hii. Fedha hiyo ingenunua mashine ya kusaidia pumzi usiku, ambayo utafiti umeonyesha huongeza maisha kwa miezi kadhaa, hasa kama koo bado lina nguvu. Ingelipa mtaalamu wa viungo. Rekodini sauti ya mgonjwa kwenye simu angali anasema. Na mofini, ile dawa kali ya maumivu, msiiogope: kipimo kidogo hupunguza ile hofu ya kukosa pumzi. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wasiopona, lililoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, limeisambaza nchini, na tangu 2004 wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika.

Akija mtu na utafiti wa sumaku, msimfukuze. Mwulizeni kama kuna kundi linalowekewa koili ya bandia ili kulinganisha, kama kamati ya maadili imepitisha, na kama amewauliza habari za kifafa na vyuma vya kichwani. Akidai ada, ondokeni. Haya, maswali. Afande wa pale nyuma, anza wewe.