Taa zote pwaa saa tisa usiku: swichi janja na setingi zake

ZUHURA: Haya karibuni tena. Leo Mudi kaja macho mekundu, hebu waambie wenzetu kilichokukuta.

MUDI: Dada usicheke bana. Si unajua nimefunga swichi janja nyumba nzima, sebuleni, koridoni, vyumbani, sasa juzi umeme ukakatika saa mbili usiku, tukakaa giza weee tukaamua kulala, saa tisa usiku si ukarudi, taa zote pwaa! Mtoto analia, mama watoto ananiangalia tu hasemi kitu, na huko kutosema ndo kubaya zaidi.

ZUHURA: Pole kaka. Ulizipanga vipi umeme ukirudi?

MUDI: Kupanga nini, mi nimeweka Tasmota, ile programu inayokaa ndani ya swichi, nikaacha ilivyo.

ZUHURA: Ndo hapo. Kuna kitu kinaitwa PowerOnState. Ukiweka 0 taa inabaki imezima, 1 inawaka, 3 inarudi ilivyokuwa kabla umeme haujakatika, na usipogusa inakuwa 3. Watu wanaiona 3 ina akili sana, kumbe fikiria, umeme umekatika saa mbili taa zinawaka, swichi inakumbuka hivyo hivyo, yenyewe haijui kama mmeshalala. Vyumbani weka 0. Ya nje getini hiyo iache kwenye 3, haina ugomvi.

MUDI: Kwa hiyo imefanya kazi yake vizuri tu.

ZUHURA: Vizuri kabisa, hahaha.

MUDI: Haya na hii nyingine. Chooni nimefunga sensa, sio ile ya kuhesabu watu jamani, ya kuona mtu akipita. Nimeandika otomesheni, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, kwenye Home Assistant, ile programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, mtu akionekana washa, subiri dakika tatu, zima. Shemeji kaja kutoka Morogoro, yuko bafuni na sabuni usoni, taa tap! Akapiga kelele nyumba nzima ikasikia, mi nikasema punga mkono, anapunga wapi, wala haiwaki.

ZUHURA: Otomesheni yako iko kwenye mode gani, yaani ikiitwa tena haijamaliza inafanyaje?

MUDI: Mode?

ZUHURA: Ona sasa. Ukitengeneza mpya inakuja kwenye single, maana yake ikishaanza kuhesabu zile dakika tatu, sensa ikiona mtu tena haisikilizi, inamaliza hesabu yake inazima hata kama mmejaa humo kumi. Badili iwe restart, kila akionekana hesabu inaanza upya. Mimi hata hiyo subiri situmii, naandika sensa ikikaa dakika tano haijaona mtu ndo taa izime. Na ukiwa na pazia la bafu sensa za kawaida haziwezi kukuona nyuma yake, zinafuata joto la mwili, kwa hiyo dakika ongeza tu usibane.

MUDI: Na yeye alivyopunga alikuwa nyuma ya pazia. Sawa. Chumba cha wageni je? Fundi kafungua swichi anasema nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, hamna, hii janja haifungiki.

ZUHURA: Kweli, na nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo. Laivu, ule waya unaoleta umeme, inashuka kwenye swichi inapanda tena kwenye taa, nyutro inabaki juu darini. Sasa swichi janja yenyewe inakula umeme muda wote, isipopata nyutro itakula wapi? Zipo za kufunga bila nyutro, zinapitisha umeme kidogo kwenye balbu hata ukizima, ila balbu za LED ndogo zinabaki zinamulika kwa mbali kama kimulimuli, ndo unaambiwa uongeze kapasita kwenye taa. Mi naona usumbufu. Chukua kile kidude kidogo cha rilei, swichi janja isiyo na kitufe, kifunge juu kwenye taa nyutro ilipo, swichi ya ukutani ibaki ile ile ya zamani, zile waya zake mbili ziwe za kukipa taarifa tu.

MUDI: Kwa hiyo bibi akija anabonyeza kama kawaida?

ZUHURA: Anabonyeza inawaka, hata bando limeisha, hata ile kompyuta yako ndogo ya Raspberry Pi imeganda. Mi kama taa haiwaki kwa kidole mpaka simu, nang'oa narudisha ya zamani.

MUDI: Bibi simu yake ya tochi.

ZUHURA: Basi huyo ndo atupimie kazi. Ila darini usipande na meni swichi imewashwa, na tesita uwe nayo, kuzima ile ya ukutani peke yake hakutoshi, huko juu laivu bado ipo.

MUDI: Jumamosi basi. Ngazi nishaazima kwa jirani, tesita njoo nayo wewe.