Mshipa Ukicheza, Mguu Ukiwaka: Mhadhara kuhusu Hisia za Mwili Zisizoonekana

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo wengi hulibeba kimya kwa miezi, pengine kwa miaka, kwa kuwa haliachi alama ambayo mtu mwingine anaweza kuiona. Kope hucheza siku tatu mfululizo. Kigimbi hutikisika chenyewe mtu akiwa amejilaza. Nyayo huwaka moto usiku, au kitu huvuma ndani ya paja ilhali simu iko mezani. Mgonjwa akifika mbele yetu sisi wahudumu wa afya husema ana wadudu wanaotembea chini ya ngozi, na mara nyingi hulisema hilo kwa sauti ya chini, akihofia kuchekwa.

Kabla hajafika kwetu, mara nyingi huwa ameshapita mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni ya tafsiri. Wapo wasemao kwamba kope ya juu ikicheza utapata mgeni, na ya chini ikicheza ni kilio. Sina ugomvi na mazungumzo hayo ya barazani, kwa kuwa hayamdhuru mtu. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni kumwambia mtu ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi kwamba ametupiwa kitu, kisha akachanjwa kwa wembe mahali ambapo hahisi maumivu, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Njia ya pili ni ya simu ya mkononi: mtu huandika dalili yake, hukutana na jina la ugonjwa unaoua neva za mwendo, yaani nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli, na tangu usiku huo halali. Njia zote mbili zina kosa moja, nalo ni kuupa mtikisiko wenyewe uzito usiokuwa nao. Mtikisiko au mvumo ukiwa peke yake hautuambii mengi. Tunachopaswa kukitazama ni kile kinachoandamana nao.

Neva hufanya kazi kwa umeme mdogo unaozalishwa na chumvi, kama vile sodiamu na potasiamu, zinapoingia na kutoka katika seli. Luigi Galvani, mwanasayansi wa Bologna nchini Italia, alichapisha mwaka 1791 maelezo ya jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka neva zake zilipoamshwa kwa umeme. Neva moja ya mwendo inayoshuka kutoka uti wa mgongo hadi kwenye kigimbi hugawanyika matawi mengi, na inaweza kuamrisha zaidi ya nyuzi elfu moja za msuli kwa mara moja. Neva hiyo ikifyatuka bila kuagizwa, nyuzi zake zote hujikunja pamoja, nasi tukaona wimbi dogo chini ya ngozi ingawa mguu wenyewe hausogei. Mlaze mtu, mguu wake ulegee kabisa, kisha taa imulike kutoka ubavuni: utaona kivimbe kidogo kikiinuka na kuzama, halafu kingine kikitokea vidole viwili kando yake.

Neva hufyatuka hivyo kwa urahisi zaidi zinapochokozwa, na vichokozi vyake ni vya kila siku: usingizi mchache, kazi ngumu au mazoezi mazito, wasiwasi wa muda mrefu, kahawa na chai ya rangi iliyokolea, vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva na wanafunzi huvitumia ili wasisinzie, na miraa kwa wale wanaoitafuna. Dawa ya pumu ya salbutamoli nayo hutetemesha mikono na inaweza kushusha potasiamu ya damu. Kope inayocheza kwa sababu kama hizi hutulia yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa, hasa mtu akilala vya kutosha na kupunguza kahawa. Ikiwa mtikisiko huo umeshuka hadi shavuni na kuuvuta mdomo upande mmoja, hapo tunafikiria jambo jingine, kwa maana mara nyingi huwa ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva ya uso, na hali hiyo ina tiba.

Najua kwamba katika ukumbi huu wapo waliokuja na ile hofu ya njia ya pili, ya ugonjwa waliousoma kwenye simu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1993 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila udhaifu, wengine kwa miaka miwili na wengine hadi miaka 32. Hakuna hata mmoja wao aliyepata ugonjwa wa neva za mwendo. Ugonjwa huo upo na ni mkali, lakini ni nadra. Huko Ulaya hugunduliwa kwa takriban watu wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na kwa kawaida mgonjwa huanza kuona kazi zimemshinda kabla ya kuona misuli ikicheza. Kifungo cha shati hakifungiki, kandambili inachomoka mguuni bila yeye kujua, maneno yanakuwa mazito mdomoni, nyama ya kiganja chini ya kidole gumba inabonyea. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu ambaye misuli yake inacheza ni hili: je, ipo kazi uliyoiweza mwezi uliopita ambayo leo huiwezi? Akisema hapana, nami nikampima nikakuta nguvu zake ni kamili, namweleza wazi kwamba anaweza kwenda kulala.

Kuhusu ule mvumo unaohisiwa bila kitu kuonekana, nitasema kwa ufupi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wafanyakazi wa hospitali moja ya Marekani, takriban asilimia 68 walisema wamewahi kuhisi simu au kifaa chao cha kuitwa kazini kikitetemeka ilhali hakikutetemeka. Ubongo unaongojea ishara fulani huichukua hisia ndogo ya nguo au ya msuli ukaifanya kuwa ndiyo ishara yenyewe, na hilo si wazimu. Vilevile, mtu aliyejawa na hofu hupumua kwa haraka bila kujijua, akaitoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, kemia ya damu ikabadilika na kalisiamu iliyo huru ikapungua. Ndipo midomo na ncha za vidole zinapochonyota, na vidole vikakakamaa. Hisia ile ni ya kweli kabisa, nayo huondoka pumzi ikitulia.

Sasa nafika kwenye miguu, nami nawaomba utulivu wenu wote, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu wanapoumia bure. Neva za hisia zilizo ndefu kuliko zote ndizo zinazofika kwenye vidole vya miguu, na kwa sababu ya urefu huo ndizo zinazoanza kuharibika. Mtu huanza kwa kuchonyota vidole vya miguu yote miwili, kisha nyayo zinawaka, shuka likimgusa usiku analisukuma kwa sababu linamuuma. Miezi ikipita, moto unapoa na ganzi inapanda kufuata mstari wa soksi. Wengi hufurahi moto ukipoa, wakidhani wamepona, kumbe neva zimenyamaza.

Chanzo kikubwa ni kisukari, lakini dawa nazo zina sehemu yake. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huingilia kazi ya vitamini B6 mwilini, jambo lililofahamika tangu miaka ya 1950. Ndiyo maana mjamzito, mtu anayeishi na VVU, mwenye kisukari, mnywaji wa pombe na mtu aliyedhoofu kwa lishe hupaswa kupewa kidonge kidogo cha vitamini hiyo pamoja na dozi yake. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu na nyayo zimeanza kuwaka, mwambie mhudumu wako wiki hiyohiyo, wala usiache dozi. Wapo pia wanaotumia ARV tangu zamani ambao miguu yao iliharibiwa na stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Wengine bado wana ganzi ile, na wanastahili kuelezwa ilikotoka. Anayetumia dawa ya kisukari iitwayo metifomini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, upungufu unaoleta ganzi ileile inayodhaniwa kuwa ni ya kisukari.

Mkisikia hayo, msikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya vitamini za neva na kuvimeza kila siku bila kupimwa. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza kuhusu wagonjwa saba waliopoteza hisia na kuyumba katika kutembea kwa sababu walimeza gramu mbili hadi sita za vitamini B6 kwa siku. Vitamini ileile inayolinda neva kwa kiasi kidogo huiharibu ikizidi.

Na tafadhali, acheni kuwakanda kwa maji ya moto watu wenye ganzi. Mama anampenda baba, anachemsha maji, anamwekea miguu kwenye beseni ili damu itembee. Baba hahisi chochote, na ngozi inaivishwa huku wakizungumza. Asubuhi kuna malengelenge, baada ya wiki kuna kidonda, na kwa mwenye kisukari kidonda cha namna hiyo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, na miguu ikaguliwe kila jioni hadi katikati ya vidole.

Zipo hali ambazo hazingojei kliniki ya wiki ijayo. Ganzi inayoshika ghafla upande mmoja wa mwili ni kiharusi hadi ithibitishwe vinginevyo. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu ndani ya siku chache unaweza kufikia misuli ya kupumulia. Baka la ngozi lisilohisi lichunguzwe kwa ajili ya ukoma, ambao unatibika. Na ipo moja inayosahauliwa sana: kuchonyota au kuwaka moto mahali palipoumwa na mbwa, hata kama kidonda kimeshafunga, kunaweza kuwa dalili ya mwanzo ya kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Kwa hiyo anayeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo, akiwa bado hahisi lolote.

Namalizia kwa kuwageukia wenzangu wa huduma za afya walioko hapa. Neno "huna kitu" tuliache, kwa maana mtu aliyeambiwa hivyo huondoka na hisia zake zilezile akatafute wa kumwamini. Uma wa chuma wa kupimia unaotetemeka mara 128 kwa sekunde, ukiwekwa kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu, na uzi wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10, vinatosha kutuonyesha kama neva za hisia zinafanya kazi. Nguvu za misuli tunazipima kwa mikono yetu wenyewe. Nanyi ndugu zangu, mkija, njooni na vidonge vyote mnavyotumia vikiwa kwenye pakiti zake, vikiwemo vile vya dukani na vile vya mitishamba, mtuambie ni lini ilianza na ilianzia wapi, kisha mvue viatu bila kungoja kuombwa.