Pini za Disney mnadani: geuza mgongo kabla hujaweka dau

Habari zenu jamani, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina vitu viwili tu vya kuwaonyesha. Mkono wa kulia nina pini, yaani beji ndogo ya chuma ya kubandika kwenye nguo, ya Rafiki, yule nyani mzee mwenye fimbo wa filamu ya The Lion King. Mkono wa kushoto nina pini ya Rafiki. Ndiyo, ile ile. Moja niliinunua dukani ndani ya bustani ya Disney hapa Florida. Nyingine ilikuja kwenye mfuko wa nailoni pamoja na wenzake 49, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mnada wa mtandaoni. Nazisogeza karibu na kamera. Wengi mnatazama kwa simu, kwa hiyo simlaumu asiyeona tofauti. Mimi mwenyewe nilikaa nazo miezi mitatu bila kuiona.

Aliyeniumbua ni mtoto wa miaka kama tisa. Tulikutana kwenye benchi la kubadilishana, nikampa Rafiki wangu kwa mbwembwe zote. Hata uso wa pini hakuutazama. Akaigeuza, akapitisha kidole mgongoni, akanirudishia: "Hii skrapa." Mama yake akaona aibu kuliko mimi.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze upesi. Kubadilishana pini kulianza rasmi Walt Disney World, bustani za Disney za hapa Florida, mwezi Oktoba 1999, kwenye shamrashamra za kuingia mwaka 2000. Unavaa kamba shingoni yenye pini zako. Ukimwona mfanyakazi wa Disney ana pini unayoitaka, unampa yako, anakupa yake, hakuna pesa. Sharti lake iwe pini ya chuma yenye alama ya haki miliki ya Disney mgongoni. Pini feki nazo zinagongwa alama hiyo hiyo, na mfanyakazi mwenye foleni ya watoto mbele yake hana muda wa kupima kila moja. Ndiyo maana feki zimejaa hata ndani ya bustani zenyewe. "Skrapa" ni jina la wakusanyaji kwa pini zilizopaswa kutupwa kiwandani kwa kasoro, au zilizopigwa za ziada kwa siri. Siku hizi limebeba hata zile zilizonakiliwa tangu mwanzo.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza, usifungue mnada. Ijue kwanza pini yenyewe. Ingia PinPics, hifadhi ya mtandaoni ambayo wakusanyaji wameorodhesha humo pini za Disney kwa namba na picha. Tafuta unayoitaka, andika kwenye karatasi: ilitoka mwaka gani, ina rangi zipi, je, ni toleo la idadi maalumu, na kama ndivyo zilitengenezwa ngapi. Karatasi hiyo iwe mkononi mnada unapofunguka, kwa sababu picha ya muuzaji ikikuingia machoni kwanza, utaanza kulinganisha pini halisi na feki badala ya feki na halisi.

Hapa nina neno na Waswahili wenzangu. Bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kimejengwa kufanana na miji yetu ya pwani, na mabango ya Kiswahili ukutani. Ziko pini zake, ziko na za Kilimanjaro Safaris. Sisi tukiona "Harambe" yenye "e" moja mwishoni, mkono unawasha kupiga kelele: feki hii, neno ni harambee! Hapana. Disney wenyewe wanaliandika hivyo. Usije ukaikataa pini halali kwa kosa la tahajia ambalo si la mwizi.

Hatua ya pili, kimbia mafungu. Naonyesha kwenye skrini tangazo la aina ninayoisema, jina la muuzaji nimelifunika. Pini 50 za Disney, hakuna zinazojirudia, zote zinakubalika kubadilishwa, dola 40. Piga hesabu: senti 80 kwa pini. Pini ya kawaida dukani kwa Disney leo ni kati ya dola 10 na 20 hivi. Nani anunue kitu kwa dola 10 akuuzie wewe kwa senti 80, tena kila wiki, tena fungu lile lile halimaliziki? Nyanya za fungu tunazinunua, lakini nyanya angalau unaona iliyooza kwa chini. Hapa unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua mlioko Dar na Mombasa mtasema usafiri wa pini moja unazidi bei ya pini, bora fungu. Hoja naielewa, na muuzaji naye anaielewa. Kama ni lazima, shirikianeni watu watatu wanne, chagueni pini moja moja kwa muuzaji mmoja mwenye sifa, mwombeni azifunge pamoja.

Dalili nyingine ya fungu baya ni wingi wa pini za Hidden Mickey. Hizi zina kichwa kidogo cha Mickey mbele, na desturi yake zilikuwa haziuzwi moja moja dukani. Ulizipata kwa kubadilishana na wafanyakazi. Kwa sababu hiyo kila mtu anazitaka, na kwa sababu hiyo hiyo wanakili wanazipenda. Mtu akikuwekea 50 za aina hiyo, mpya, hazina mkwaruzo, muulize alisimama benchi lipi siku ngapi kuzibadilisha.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii, kwa hiyo tulieni. Mgongo.

Nageuza pini zote mbili. Hii ya kulia, halisi, ina nakshi mgongo mzima: vichwa vidogo vidogo vya Mickey vimepangwa safu kwa safu. Sasa fuata kidole changu mpaka ukingoni. Unaona vile vichwa havisimami? Vinakwenda mpaka chuma kinapoishia, vingine vimekatwa nusu, kingine limebaki sikio moja tu. Ni kama kitenge. Fundi anapokata kitenge, mkasi unapita popote, ua linabaki nusu.

Nahamia ya kushoto. Vichwa vya Mickey vipo, usije ukadanganyika kwamba feki haina. Lakini fuata tena kidole. Karibu na ukingo nakshi imesimama, halafu kuna mstari mtupu unaozunguka pini yote. Pindo. Hii ni kanga. Mji katikati, pindo pembeni.

Basi sisi nyumbani tunasema hivyo: kitenge nunua, kanga acha. Mwanangu wa miaka sita anaijua.

Ila msiifanye ndiyo kipimo pekee. Pini za miaka ya mwanzo, karibu na 2000, nyingi zina mgongo laini usio na nakshi yoyote, na ni halali kabisa. Ndiyo maana nilisema ujue mwaka kwanza. Na wanakili nao wanajifunza, zipo feki zenye mgongo wa kitenge safi. Kwa hiyo endelea kutazama. Kandokando ya sindano, ile inayotoboa nguo, pini nyingi halisi zina vinundu viwili vidogo vya kuizuia isizunguke. Kwenye yangu ya kushoto kimoja hakipo, na kingine kimelala kama chunusi iliyokamuliwa. Kisha maandishi. Kwa halisi, herufi zina kingo kali, unasoma mpaka ile alama ya haki miliki. Hii nyingine herufi zimejaa, "e" na "o" huwezi kuzitofautisha. Hivyo ndivyo inavyokuwa ukinakili kutoka kwenye pini iliyokwisha kutengenezwa badala ya mchoro wake wa asili: kila mkunjo unapoteza makali kidogo.

Na kama karatasi yako inasema ni toleo la idadi maalumu, idadi hiyo huwa imeandikwa mgongoni. Usiikute, funga ukurasa ukapike chai.

Sasa tatizo: mnadani wengi wanaweka picha ya uso tu. Mwandikie muuzaji, kwa adabu. Omba picha ya mgongo wa pini ile ile anayoiuza, na pembeni yake kikaratasi chenye tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Kikaratasi hicho ni muhimu, maana picha nzuri za mgongo zinaibwa kila siku. Mwenye mali hutuma, hata kwa kunung'unika. Mwingine anakujibu kwamba zote ni halisi, asilimia mia, niamini. Mimi picha nimeomba, imani sikuomba. Naendelea na mwingine.

Hatua ya nne, uso wa pini. Kuza picha mpaka ipasuke. Unatafuta rangi ya enameli iliyozama na kuacha kishimo, viputo, vumbi lililonaswa ndani, au rangi iliyovuka mstari wa chuma kuingia kwa jirani. Tazama huyu wa kushoto: bluu ya shavu imemwagikia kwenye pua. Linganisha na karatasi yako pia, kwa sababu mara nyingine kosa si uchafu, ni rangi yenyewe. Kijani kilichopaswa kuwa cha majani kimekuwa cha chokaa, na ukiitazama peke yake ni nzuri tu.

Neno fupi kuhusu pini za mashabiki: watu wanachora wahusika wa Disney kwa mtindo wao na kutengeneza pini chache, bila leseni. Hizo si nakala za pini rasmi, na wapo wanaozipenda, lakini Disney hawazitambui na kwenye kubadilishana bustanini hazina nafasi. Uijue unayonunua.

Hatua ya tano, muuzaji. Haina mengi. Usisome nyota, soma maneno ya waliolalamika, hata kama ni watatu kati ya elfu. Angalia anauza nini kingine, na kifurushi kinatokea wapi. Akikuambia mmalizane nje ya mtandao, umtumie pesa kama unamtumia rafiki, utapunguziwa dola mbili, jibu ni hapana. Ukilipa kwa njia hiyo, ulinzi wa mnunuzi haukuhusu tena.

Hatua ya sita, dau. Kabla ya kuweka, fungua kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, eBay, ule mtandao wa mnada, wanacho. Bei anazotaja muuzaji ni ndoto zake. Zilizouzwa ndizo bei za kweli. Ukiona pini yako imeuzwa mara tano kwa dola 30 na leo ipo moja inatolewa kwa dola 6, usiruke kwa furaha, rudi hatua ya tatu. Halafu andika kikomo chako, kiweke chote mara moja, ondoka. Mfumo utakupandishia kidogo kidogo kadiri wenzako wanavyopanda, hauchukui zaidi ya inavyohitajika. Kukaa macho sekunde za mwisho kuna utamu wake, nakiri, lakini ndipo dola 15 zinapogeuka 40 na mgongo wa pini hujauona.

Ya saba, kifurushi kimefika. Rekodi video ukifungua, simu iegemeze kwenye kikombe kama hivi. Toa pini, geuza, pitisha kidole ukingoni. Halisi kingo zake zimesuguliwa, feki nyingi zinakwangua. Ipime kiganjani na nyingine unayoiamini, skrapa mara nyingi ni nyepesi na nyembamba. Ukiona imekupiga, usikae nayo miezi mitatu kama mimi. Kwa eBay, dhamana yao ya kurudishiwa pesa inataka udai ndani ya siku 30 tangu mzigo kufika. Andika "si kama ilivyoelezwa", weka picha ya mgongo yenye pindo, weka na picha ya halisi kwa kulinganisha. Ugomvi na matusi havikusaidii kitu pale.

Swali ninaloulizwa sana: zile feki nilizonazo nizifanyeje? Zangu 50 nilizipanga mezani hapa, nikazigeuza zote. Za kitenge zilikuwa nne. Nyingine nilishawishika kuzipeleka bustanini, nizisukume kwa wafanyakazi na nirudi na pini nzuri, nani angejua. Nikakumbuka kile kidole cha yule mtoto. Mwingine angeipokea bila kugeuza.

Kwa hiyo hizi hapa, kwenye kopo la maziwa ya unga, juu nimeandika kwa kalamu nene: KANGA. Nazitumia kufundishia, na mbili zimeshikilia pazia la jikoni. Rafiki wa kushoto anarudi humo sasa hivi. Rafiki wa kulia namsogeza karibu kabisa na kamera, mgongo kwanza. Msimamishe video hapo, mhesabu masikio yaliyokatwa.